Kabla ya kuuza Land Rover kwa kilo, fahamu nani aliitengeneza

Mhariri,

Wanunuzi wa vyuma chakavu wanazunguka mashamba ya Njoro, Molo, Rongai na Mau Narok wakiwa na mizani na mtungi wa gesi ya kukatia. Wanaondoka na Land Rover za miaka ya 1960, malori ya Bedford, trekta ndogo za Ferguson, na Morris Minor zilizokaa chini ya mti tangu mwenyewe astaafu. Mara nyingi gari huuzwa kwa sababu moja tu: fundi wa mwisho alisema spea zake hazipatikani tena. Sisi tunaofanya kazi ya magari haya hapa Nakuru tunasema spea nyingi zipo. Kinachokosekana ni kujua gari lile lilitengenezwa na nani, mwaka gani, na wakati huo kampuni ilikuwa mikononi mwa nani. Historia ya viwanda vya magari vya Uingereza ndiyo inayoamua nati gani inaingia wapi, mafuta gani yanamwagwa kwenye gia boksi, na upande upi wa betri unafungwa kwenye bodi.

Tuanze na majina, kwa kuwa hapo ndipo pesa za wateja zinapopotelea. Herbert Austin alitoka kampuni ya Wolseley akafungua kiwanda chake Longbridge, karibu na Birmingham, mwaka 1905. William Morris, aliyeanza na baiskeli mjini Oxford, alitoa gari lake la kwanza mwaka 1913. Wawili hao walishindana kwa miaka mingi hadi kampuni zao zilipounganishwa mwaka 1952 kuwa British Motor Corporation, yaani BMC. Tangu hapo injini moja ikaanza kuvaa majina mengi. Injini ndogo iitwayo A ilianza mwaka 1951 ndani ya Austin A30 ikiwa na cc 803. Mara tu baada ya muungano ikaingia kwenye Morris Minor, ikapanda hadi cc 948 mwaka 1956, kisha cc 1098 mwaka 1962. Kwa hiyo mwenye Morris Minor ya 1960 anayeambiwa "spea za Morris hakuna" anaweza kuulizia za Austin A35, kwa sababu valvu, piston na gaskiti nyingi ni za ukoo mmoja. Lakini Minor ya kati ya 1948 na 1952 ina injini ya zamani ya Morris mwenyewe, ya cc 918, yenye valvu za pembeni. Hiyo haina undugu wowote na ile ya Austin. Ukiagiza gaskiti ya hedi bila kutaja mwaka, utaletewa isiyofaa, kisha utaambiwa gari halina spea.

Huko kaskazini, kampuni ya Leyland iliyoanza na magari ya mvuke mwaka 1896 katika jimbo la Lancashire ilikuwa ikimeza wenzake: Albion ya Glasgow mwaka 1951, Scammell mwaka 1955, Standard-Triumph mwaka 1961, AEC mwaka 1962, Rover mwaka 1967. Mwaka 1968 serikali ya Uingereza ikasukuma Leyland na BMC, iliyokuwa imeshaungana na Jaguar, ziwe kampuni moja: British Leyland. Mwaka 1975 serikali ikalazimika kuichukua ili isianguke.

Hatukubaliani na wanaosema viwanda hivi vilikufa kwa sababu magari yao yalikuwa mabovu tangu mwanzo. Angalia Rover 2000 na Triumph 2000. Yote mawili yalitoka mwaka 1963, yakilenga mnunuzi yuleyule. Baada ya 1968 yalikuwa ya mwajiri mmoja, lakini yakaendelea kutengenezwa kila moja na injini yake, gia boksi yake na orodha yake ya spea. Kampuni ilikuwa ikishindana na nafsi yake. Fundi wa Nakuru anaishi na matokeo ya hilo hadi leo, kwa sababu jina "British Leyland" kwenye boksi la spea halimwambii chochote kuhusu spea yenyewe.

Mfano mzuri ni mguu wa mbele wa gari, unaoshika gurudumu. Morris Minor ina kipande cha chini chenye uzi ndani, ambamo mguu wa usukani huzungukia. Kipande hicho kinataka grisi, na kwa barabara zetu za vumbi tunapendekeza kisukumiwe grisi kila kilomita 1,500, huku gari limeinuliwa ili uzito usibane uzi. Kikikauka, uzi huliwa hadi mguu uchomoke na gurudumu lilale chini ya boneti. Triumph Herald nayo ina kipande cha kazi hiyo hiyo, ila ni cha shaba nyeusi na kinataka mafuta ya gia namba 90, si grisi. Grisi huganda ndani, haifiki kwenye uzi wa chini, maji yakaingia na chuma kikashika kutu hadi kikavunjika. Gari mbili za kampuni moja baada ya 1968, kazi moja, dawa mbili tofauti. Anayeijua historia anajua kwamba wahandisi wa Coventry na wa Oxford walikuwa bado hawajakutana magari hayo yalipochorwa.

Sasa uzi wa bolti, jambo linaloharibu magari mengi kuliko yote. Hadi vita vya pili vya dunia, Uingereza ilitumia uzi wa Whitworth na ule mwembamba wake, BSF. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kuhusu uzi wa pamoja, ndio UNF (mwembamba) na UNC (mnene). Viwanda havikubadilika siku moja. Land Rover ya kwanza, Series I, imejaa BSF. Series II ya mwaka 1958 ilihamia UNF kwa sehemu kubwa, lakini baadhi ya vipande vilivyorithiwa kutoka miundo ya awali, hasa kwenye gia boksi, vilibaki na BSF. Defender, Land Rover iliyokuja baada ya Series, ni milimita kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo gari moja la shambani lililotengenezwa kwa vipande vya matatu laweza kuwa na aina zote tatu za uzi.

Bolti ya inchi 3/8 ya BSF ina meno 20 kwa kila inchi. Ya UNF ina 24. Ya inchi 5/16 ni 22 kwa BSF na 24 kwa UNF. Ya nusu inchi ni 16 kwa 20. Ukiingiza UNF kwenye tundu la BSF itashika raundi mbili au tatu, kisha itakaza. Fundi asiyejua huongeza bomba kwenye spana, na kama kasha ni la alumini, meno ya tundu hutoka yote. Ukitaka kuhakikisha, weka bolti kando ya rula ya inchi na uhesabu meno kwenye inchi moja. Ukiona pia duara ndogo tatu zilizoungana kwa mstari ubavuni mwa kichwa cha bolti, au kishimo cha mviringo juu ya kichwa, hiyo ni UNF au UNC. Tundu likishaliwa, usitoboe ukubwa wa milimita ovyo. Rudisha uzi wake kwa koili ya Helicoil, yaani springi ya uzi mpya inayoingizwa kwenye tundu, ya ukubwa uleule, ili fundi atakayekuja baada yako asikutane na fumbo jipya.

Spana nazo. Kichwa cha bolti ya 5/16 UNF kina upana wa nusu inchi, sawa na milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia lakini inacheza, na bolti ikiwa imekamatwa na kutu kichwa kitaviringwa. Bolti ya 3/8 UNF ina kichwa cha inchi 9/16, yaani milimita 14.29: ya 14 haiingii, ya 15 inaviringa. Ile ya robo tatu inchi inakubaliana na 19 bila ugomvi. Spana za Whitworth zina mtego wake, kwa sababu namba iliyoandikwa ni unene wa bolti, si upana wa kichwa.

Morris za kabla ya katikati ya miaka ya 1950, pamoja na MG za aina ya TD na TF, zina kitendawili kikubwa zaidi. Wakati wa vita vya kwanza Hotchkiss, watengenezaji bunduki wa Ufaransa, walifungua kiwanda Coventry. Vita vilipokwisha wakaanza kumtengenezea Morris injini kwa mashine zilezile za uzi wa milimita, na mwaka 1923 Morris akakinunua kiwanda chote. Mashine zikaendelea kukata uzi wa Kifaransa, lakini vichwa vya bolti vikafanywa vya Whitworth ili mafundi wa Uingereza watumie spana walizokuwa nazo. Matokeo yake ni bolti yenye kichwa cha Kiingereza na uzi wa milimita. Fundi anayeingiza dai (kifaa cha kukatia uzi) ya BSF kwenye bolti kama hiyo kwa kuangalia kichwa anaiharibu papo hapo. Pima uzi kwa geji kwanza, kila mara.

Umeme. Magari mengi ya Uingereza hadi katikati ya miaka ya 1960, na Land Rover Series IIA hadi karibu mwaka 1967, yalifungwa nguzo chanya ya betri kwenye bodi. Vijana wetu wamezoea Toyota na Isuzu, ambazo hasi ndiyo inayoenda kwenye bodi. Wanafunga betri wanavyojua, au wanaweka alteneta bila kuangalia upande wa betri ulio kwenye bodi, na pande zikipishana diodi zinaungua zote sekunde hiyo hiyo. Nguzo chanya ya betri huwa nene kidogo kuliko hasi, kwa hiyo kichwa cha waya kilichopanuliwa kwa bisibisi au kukazwa kwa kipande cha kopo ni dalili kwamba kuna mtu alishageuza.

Kugeuza gari la dainamo liwe la hasi kwenye bodi si kazi ngumu ikifuatwa kwa mpangilio. Ondoa betri. Geuza waya mbili ndogo za koili, ule wa swichi na ule wa distribyuta, la sivyo cheche zitatoka kinyume na plagi zitahitaji nguvu zaidi, gari likawa gumu kuwaka asubuhi ya baridi ya Molo. Geuza waya za geji ya ampea. Rudisha betri, hasi ikiwa kwenye bodi. Kisha dainamo ipewe mwelekeo mpya: chomoa waya za D na F kwenye dainamo, chukua waya kutoka nguzo chanya ya betri, ugusishe kwenye F kwa muda mfupi mara tatu nne hadi uone cheche ndogo. Rudisha waya. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi, na dainamo isipopewa mwelekeo huchaji kinyume na kuunguza katauti, swichi inayounganisha dainamo na betri. Mota ya stata na taa hazijali. Redio ya zamani inajali sana, itolewe kabla hujaanza.

Kuhusu rangi za waya, Lucas aliyesambaza umeme wa karibu viwanda vyote hivi alifuata utaratibu mmoja: kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka betri, nyeupe ni moto wa swichi, kijani ni wa swichi uliopita kwenye fyuzi, zambarau ni wa moja kwa moja uliopita kwenye fyuzi, buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni bodi. Mwenye kukumbuka hayo anafuatilia waya wa Land Rover, Bedford au Morris bila mchoro. Fundi anayerudisha waya zote kwa rangi moja aliyopata dukani anamwachia mwenzake kazi ya wiki.

Land Rover yenyewe ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Chuma kilikuwa kwa mgao baada ya vita, kwa hiyo Rover walitumia alumini iliyochanganywa na magnesi kwa bodi. Ndiyo maana wanaokata vyuma wanaipenda, na ndiyo maana mwenye gari hudanganyika. Bodi haishiki kutu, lakini chesisi na ukuta wa mbele ulioshika usukani ni chuma. Gonga kwa nyundo ndogo mkono wa nyuma unaobeba ndoano ya kukokotea, mikono ya pembeni inayoshika bodi, na sehemu za mbele zinazoshika springi. Chesisi ni boksi, na matope yaliyoingia ndani hukaa na unyevu mwaka mzima. Sauti ya kavu na kali ni nzuri. Sauti nzito isiyo na mlio ina maana chuma kimebaki karatasi. Hata hapo, mkono mmoja uliooza hukatwa na kuunganishwa mwingine. Si sababu ya kuita mizani.

Kwenye injini, ile ya petroli ya lita 2.25 ilikuja na Series II mwaka 1958, na ya dizeli ya ukubwa huo mwaka 1961. Zinafanana kwa nje, lakini bolti za hedi za petroli hukazwa kwa futi-pauni 65, za dizeli 90. Dizeli iliyokazwa kama petroli hupuliza gaskiti. Hadi mwaka 1980 krankshafti ilishikwa na beringi kuu tatu, kisha zikawa tano, na krankshafti hizo hazibadilishani. Hesabu kofia za beringi kabla ya kulipia injini ya mtumba. Series III ya mwaka 1971 ilileta gia zote za mbele zenye sinkro (zinazoingia bila kukwaruza), na gia boksi hiyo inaingia yote kwenye gari la IIA, lakini usijaribu kuchanganya gia za ndani.

Mafuta: gia boksi ya Series inataka namba 90, lita 1.5, kasha la kugawa nguvu lita 2.5, difu ya kawaida lita 1.75; kila kichwa cha gurudumu la mbele nusu lita. Lakini mwaka 1983 ilipotoka Land Rover One Ten, gia boksi yake ya spidi tano, LT77, ilitaka ATF, mafuta mepesi ya gia za otomatiki. Wengi bado wanamimina 90 humo kwa mazoea ya Series. Gia zinakuwa nzito asubuhi, pampu ndogo ya ndani inashindwa kusukuma mafuta hayo mazito, na beringi za nyuma zinakauka. Kosa la kinyume, ATF kwenye gia boksi ya Series, huonekana kwa mlio unaokuja haraka.

Trekta ndogo ya kijivu ya Ferguson, TE20, ni ndugu wa magari ambaye wengi hawamjui. Ilijengwa Coventry na kampuni ya Standard kati ya 1946 na 1956, zaidi ya 500,000, na nyingi zina injini ya Standard iliyokuwa pia kwenye gari la Vanguard. Injini hiyo ikaendelea hadi kwenye Triumph TR2, TR3 na TR4, magari ya mbio ambayo watu wa Ulaya bado wanayatunza kwa gharama kubwa. Ndiyo maana gaskiti za chini za silinda, zenye umbo la namba nane, bado zinauzwa mpya. Ulizia kwa jina la Triumph kisha upime silinda: Vanguard na Ferguson za baadaye ni milimita 85, TR2 ni 83, TR4 ni 86. Ukifunga, silinda lazima zichomoze juu ya bloku kati ya inchi 0.003 na 0.005. Zikilala sawa na bloku, gaskiti ya hedi haitazibana, na maji yatapatikana kwenye mafuta ya injini ndani ya siku chache.

Kwa Bedford, neno moja. Nati za magurudumu ya upande wa kushoto hufunguliwa kinyume. Stadi (bolti zinazoshika gurudumu) nyingi zinazokatika kwenye malori haya hukatwa na mtu aliyeongeza bomba akidhani nati imeshika kutu. Tazama herufi L kwenye ncha ya stadi. Bedford ilikuwa mali ya General Motors ya Marekani kupitia Vauxhall, na General Motors ilikuwa na hisa kwenye Isuzu tangu 1971. Ndiyo sababu kampuni moja jijini Nairobi iliunganisha Bedford, kisha Isuzu ikachukua nafasi yake bila kelele. Leyland nayo ilikuwa na kiwanda Thika tangu mwaka 1974, ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Ashok Leyland tunazoziona barabarani leo zinatoka India, katika kampuni iliyoanza mwaka 1948 kwa kuunganisha Austin; usitarajie spea zake ziingie kwenye Leyland ya zamani ya Lancashire kwa sababu tu jina linafanana.

Ombi letu kwa wenye magari ni dogo. Kabla ya kuagiza chochote, andika mambo matano kwenye karatasi: namba ya chesisi iliyo kwenye kibati pamoja na herufi yake ya mwisho, namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini, idadi ya meno kwa inchi ya bolti iliyotoka kwenye kipande hicho, upande wa betri ulio kwenye bodi, na kipimo cha kipande cha zamani kwa kalipa. Herufi ile ya mwisho kwenye namba ya Land Rover ndiyo inayoonyesha mabadiliko yaliyofanywa katikati ya toleo, na muuzaji akiikosa hukisia.

Kwa vyuo vya ufundi vya Nakuru, Kisumu, Kakamega na Eldoret, ombi ni kubwa zaidi. Vinafundisha milimita na hasi kwenye bodi, na kwa magari mapya hilo linatosha. Lakini mwanafunzi akitoka hapo hukutana na shamba lenye Ferguson, pampu ya maji yenye injini ya Kiingereza na pikapu ya 1968. Geji moja ya uzi ya Whitworth na moja ya UNF, seti ya tepu na dai za BSF kuanzia robo inchi hadi nusu inchi, na saa chache za mafunzo kwenye dainamo ya Lucas zinatosha kumwezesha. Dainamo za kufundishia hazihitaji kununuliwa ghali. Ziko kwenye malundo ya vyuma chakavu, na kwa sasa zinauzwa kwa kilo.

Mafundi wa magari ya zamani,
Nakuru.